Vidonge Themanini na Vinne

Sokoni walimwita Gramu, na waliompa jina hilo hawakukusudia kumsifu. Alikuwa fundi wa mizani, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mwenye mikono mikavu na jicho kali. Mwuza nyama mmoja aliwahi kumletea mizani yake akimwomba airekebishe "kidogo tu, iniegemee mimi." Kesho yake alirudishiwa mizani hiyo ndani ya ndoo, imefunguliwa skrubu moja moja. "Iegemeze mwenyewe," Gramu alimwambia, akageukia kazi nyingine.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeambiwa na daktari, asubuhi moja ya Jumanne, kwamba hakumeza dawa zake.

Daktari wa ini hakulianza hilo moja kwa moja. Kwanza aliikodolea macho skrini ya kompyuta, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti lake jeupe, akaivaa tena.

"Virusi vimeonekana tena, mama," alisema.

"Vimeonekana wapi?"

"Kwenye damu yako."

Gramu alijitazama. Alikuwa amevaa gauni lake zuri, lile la kutokea, kwa sababu siku hiyo ilikuwa ya kupewa karatasi ya mwisho. Wiki kumi na mbili za vidonge alikuwa amezimaliza. Walipompima siku ya mwisho ya dozi walimwambia damu yake safi. Kisha wakamwambia asubiri wiki kumi na mbili nyingine, wampime mara moja tu, wafunge faili.

"Mlisema havipo," alisema.

"Havikuonekana. Huwa vinaweza kujificha kidogo, halafu dawa zikiisha vinazaana upya. Hutokea kwa watu wachache sana." Daktari akasogeza faili. "Dozi ulikuwa unaruka?"

"Sikuruka."

"Hata mara mbili, tatu? Mtu akisafiri, akichoka..."

"Daktari, nimekwambia sikuruka."

"Wagonjwa wote husema hivyo, mama." Aliyasema hayo bila ubaya, kama mtu anayesema kwamba nje kuna mawingu. Akaanza kuandika.

Kazi ya mizani ilikuwa imemfundisha Gramu kusoma kutoka upande wa pili wa kaunta, maandishi yakiwa kichwa chini miguu juu. Alisoma neno kwa neno kalamu ilivyokuwa ikienda: *Mgonjwa hakuzingatia dozi.*

"Umeandika nini hapo?"

"Ni maelezo ya kitabibu tu."

"Umeandika sikuzingatia dozi."

Daktari alifunika ukurasa kwa kiganja. Akamweleza kwamba kuna dawa nyingine, mseto wa aina tatu kwa wale waliorudiwa na ugonjwa, lakini dawa hizo hutolewa na kamati, na kamati hutazama nidhamu ya mgonjwa. Aliyeshindwa kufuata dozi hupelekwa kwanza kwenye ushauri nasaha kwa miezi sita, ndipo jina lake lifikiriwe.

"Na ini langu?" Gramu aliuliza. "Si ulisema lina makovu?"

"Yameanza, ndiyo. Tutaendelea kuliangalia."

"Kwa hiyo wewe utaliangalia, na virusi vitalila."

Daktari akatazama saa ya ukutani. Gramu akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga. Mlango aliufunga polepole sana, maana alijijua: angeubamiza, kioo chake kingekuwa chini.

Ugonjwa wenyewe hakuutafuta. Miaka ishirini na sita nyuma, alipokuwa akijifungua mwanawe wa mwisho, damu ilimtoka hadi wakunga wakaanza kunong'onezana. Aliongezewa chupa mbili. Damu ile ilimwokoa, na ndani yake mlikuwa na homa ya ini aina ya C, iliyokaa mwilini mwake bila hodi wala kishindo mpaka alipoanza kuchoka ovyo, akapimwa, akaambiwa. Hakumlaani aliyetoa damu ile. Alijisemea kwamba naye pengine hakujua. Hasira zake siku zote zilikuwa za watu wanaojua na kufanya kama hawajui.

Nyumbani alingojwa na mumewe na wifi yake. Mumewe alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mtu mpole hata kuku walimzoea. Wifi, dada mkubwa wa mumewe, aliishi nao tangu alipofiwa, na nyumba ile aliiendesha kana kwamba wengine wote ni wapangaji. Ugonjwa ulipojulikana, wifi huyo ndiye aliyekipaka kikombe cha Gramu rangi nyekundu ya kucha chini ya kitako, ili kisichanganywe. Gramu alieleza, mumewe alieleza, hata muuguzi alieleza: ugonjwa huu hupita kwa damu, hauambukizi kwa kikombe, kijiko, wala kukaa sebule moja. Wifi alitikisa kichwa kukubali, na kikombe kikabaki na rangi yake. Siku Gramu alipoambiwa damu yake safi, wifi alikitupa jalalani kwa mkono wake mwenyewe, akapiga vigelegele.

Sasa Gramu alisimama mlangoni na gauni lake zuri, akasema, "Ugonjwa umerudi."

Mumewe aliinuka. Kisha wifi akashusha pumzi.

"Tusifichane, wifi yangu. Kitu kilichokwisha hakirudi chenyewe. Ama dawa hukunywa, ama umekiokota upya mahali."

"Mahali gani?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye unayeshinda sokoni na wanaume."

"Dada!" mumewe alisema.

Gramu hakumjibu wifi. Alikuwa akimtazama mumewe, akingoja aendelee, maana mtu akisema "dada" kwa sauti ile huwa ana jambo la kufuatisha. Mumewe alikuna kidevu. Akamsogelea mkewe, akamwuliza kwa upole, upole ule uliokuja kumchoma kuliko maneno yote ya siku hiyo:

"Mama watoto, kweli hakuna hata siku moja ulipitiwa? Hata ile siku tuliyosafiri kwenda mazishini?"

Gramu aliweka mkoba chini. Alikwenda chumbani, akafungua kabati, akaung'oa kabisa mlango wake mmoja kwenye bawaba. Bawaba zilikuwa zimelegea siku nyingi, na mumewe alikuwa amemwahidi kuzirekebisha. Akaja nao sebuleni, akausimamisha mbele yao. Upande wa ndani ilibandikwa karatasi yenye mistari ya penseli, themanini na minne, na kando ya kila mstari saa iliyoandikwa.

"Soma," alimwambia mumewe. "Wewe una macho mazima. Soma siku ya mazishi."

Mumewe aliinama. "Saa mbili na dakika tano," alisoma. "Kwenye gari."

"Nani alinishikia maji?"

Mumewe alijibu, "Mimi."

"Wewe! Ulinishikia chupa ya maji kwa mkono wako, leo unaniuliza kama nilipitiwa!"

Mlango ule aliuacha pale pale, umeegemea kochi, na hakuna aliyethubutu kuuondoa kwa siku tatu.

Asubuhi iliyofuata, mezani kulikuwa na kikombe kipya. Gramu alikigeuza. Chini ya kitako, rangi nyekundu ilikuwa bado haijakauka vizuri, ikamchafua kidole. Wifi alikuwa ameketi mbele yake, chai yake mkononi, akitazama dirishani kama aliyepotelewa na ndege.

Gramu alinyoosha mkono, akamnyang'anya wifi kikombe chake, akainywa chai yote mpaka majani ya chini, akakirudisha mezani kwa kishindo.

"Haya," alisema. "Kipake rangi na hiki. Ukimaliza upake na sufuria, na kitasa cha mlango, na mdogo wako pia, maana nimelala naye miaka thelathini."

Mumewe, aliyekuwa akiingia kutoka uani, aligeuza palepale akarudi alikotoka.

Gramu hakwenda kazini siku hiyo. Alikusanya maboksi matatu matupu ya dawa, yaliyokuwa juu ya kabati, akaibandua ile karatasi ya mistari, akatia vyote katika mfuko, akarudi hospitali. Hakwenda kwa daktari. Alikwenda dirisha la dawa, akapanga foleni nyuma ya mzee mwenye magongo, na zamu yake ilipofika akayamwaga maboksi mbele ya mfamasia.

"Haya mlinipa ninyi," alisema. "Nataka uniambie, kwa kuyatazama hivi, mtu aliyemaliza haya ni mtu asiyezingatia dozi?"

Mfamasia alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mafua. Hakucheka, wala hakumwambia apunguze jazba. Aliyahesabu maboksi, akaisoma karatasi mstari kwa mstari kama mtu anayesoma barua, kisha akafungua mlango wa pembeni.

"Ingia, mama. Kaa." Akamvutia stuli. "Wakati ule ulikuwa unatumia dawa nyingine yoyote? Ya presha? Ya kifafa? Ya kiungulia?"

"Ya kiungulia, ndiyo."

Mfamasia aliweka kalamu chini. "Ulinunua?"

"Nilipewa hapahapa. Chumba namba nne, kwa daktari wa tumbo. Vidonge vyenu vilinianzishia moto wa kifua, nikamwambia muuguzi, akanielekeza kule. Nilikunywa kila siku kwa wiki nane."

"Na hakuna aliyekwambia uache?"

"Nani angeniambia? Si ndio walionipa!"

Mfamasia akamweleza taratibu. Vidonge vile vya ini huhitaji asidi ya tumboni ili viyeyuke na kuingia katika damu. Dawa ya kiungulia hupunguza asidi hiyo. Mtu akivitumia pamoja bila mpango, kidonge kinaweza kupita tumboni na nguvu yake nyingi isifike inakotakiwa. Virusi vinapigwa, lakini havimalizwi.

Gramu aliyakazia macho yale maboksi.

"Kwa hiyo nilimeza vyote, na vingine vilipita bure."

"Inawezekana. Sitakudanganya, mama, siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu. Wapo waliofanya kila kitu sawasawa na bado ugonjwa ukawarudia, hasa ini likiwa na makovu. Ila hili lilitakiwa kuulizwa siku ya kwanza. Lilitakiwa kuulizwa na sisi." Aliinuka, akafungua daftari kubwa la dawa zilizotolewa, akalifunua kurudi nyuma. Jina la Gramu lilikuwamo mara mbili, dawa ya kiungulia, mwezi na mwezi. "Na nakala ya cheti cha dawa huwa inaingia kwenye faili lako la ini. Inapaswa kuwamo."

"Nataka kuiona."

"Faili hupewa daktari tu."

"Basi twende kwa daktari."

Mfamasia alitazama foleni iliyokuwa ikirefuka dirishani, akamtazama Gramu, akamwita mwenzake ashike zamu.

Daktari wa ini alikuwa na mgonjwa ndani. Walingoja kwenye benchi robo saa, mfamasia akipenga kamasi, Gramu ameukumbatia mfuko wake. Alikuwa amedhani hasira ingepoa akijua ukweli. Haikupoa, bali ilipata anwani. Mgonjwa alipotoka, waliingia wote wawili.

"Mama, leo huna miadi," daktari alianza.

"Sina. Fungua faili langu."

"Haifanyiki hivyo."

"Daktari," mfamasia alisema, "fungua tu. Tafuta cheti cha chumba namba nne."

Daktari alilifungua. Alipekua, akapekua, kisha mkono wake ukasimama. Alikuwa ameiona karatasi, na Gramu naye aliiona kutoka upande wake wa meza: cheti cha dawa ya kiungulia, na pembeni yake, kwa wino wa bluu, neno *Nimeona*, tarehe, na saini. Saini aliifahamu. Ilikuwa ileile iliyokaa chini ya maneno *Mgonjwa hakuzingatia dozi.*

"Uliona," Gramu alisema.

"Mama, kwa siku tunaona karatasi nyingi..."

"Hujaandika 'karatasi ni nyingi.' Umeandika 'nimeona.'"

"Naomba usipandishe sauti."

"Sijaipandisha bado! Nikiipandisha utajua!" Nje, mazungumzo ya kwenye benchi yalikatika ghafla. "Mimi nimeamka asubuhi themanini na nne, nimemeza kidonge huku kifua kinawaka, nikakimbilia kwenu mnisaidie, mkanipa kitu cha kukiharibu kile mlichonipa. Ukatia saini. Halafu ukanitazama usoni ukaniambia wagonjwa wote husema hivyo. Unajua nimelala vipi jana? Mume wangu ameniuliza kama ninasema kweli. Mume wangu! Maneno yako yalifika nyumbani kabla yangu."

Daktari alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo zaidi, kama mwanafunzi aliyekutwa darasani baada ya wenzake kuondoka.

"Nitafuta ule mstari," alisema. "Nitaandika sababu haijulikani."

"Hapana."

"Unataka niandike nini? Kwamba dawa ya kiungulia ndiyo iliyorudisha virusi? Hilo haliwezi kuthibitishwa."

"Wala sitaki uandike hivyo. Mfamasia amesema huenda, nami nimesikia huenda. Andika nilimeza vyote themanini na vinne. Andika nilipewa dawa ya kiungulia humuhumu, kwa wiki nane. Andika uliona. Sikuombi hata nukta zaidi ya hapo."

Kalamu ilichukua muda kuanza. Gramu alisimama juu yake akisoma kila neno, na daktari aliporuka lile la mwisho, aligonga meza kwa kidole mara moja, daktari akaliandika. Mfamasia naye aliweka saini yake chini.

"Samahani kama umeumia," daktari alisema.

"Kama?"

Daktari alifunga faili. Gramu akatoka. Safari hii mlango aliubamiza. Kioo kilihimili.

Kamati ilikaa wiki tatu baadaye, ikampa dawa za mseto. Mumewe alijaribu kuomba radhi kwa njia zake: alitengeneza bawaba za kabati, akamsindikiza kila miadi, akawa anamwita kwa majina ya utani ya ujana wao. Gramu aliyapokea yote, lakini hakumrahisishia. Jioni moja alimwambia, "Nilikuwa nataka uniamini bila karatasi." Mumewe aliinamisha kichwa, akasema, "Najua. Nilikosa." Ndipo Gramu akamsogezea nafasi kwenye kochi.

Kwa wifi mambo yalikwenda tofauti. Wifi hakuomba radhi, hakuwa na mazoea hayo. Ila rangi ya kucha haikuonekana tena, na siku moja, wakichambua mboga, alisema bila kuinua macho, "Mimi naogopa magonjwa, wifi. Mume wangu alikufa nikiwa nimemshika." Gramu alijua hilo. Alimwonea huruma na bado alikuwa amemkasirikia, vyote kwa pamoja, akaendelea kuchambua mboga.

Wiki kumi na mbili za pili zilikuwa ngumu kuliko za kwanza. Kiungulia kilimtafuna, na safari hii alikivumilia kwa kulala ameegemea mito mitatu. Mfamasia alimpigia simu kila Ijumaa kuuliza ametia nini kingine kinywani. Dawa zilipoisha, akangoja tena zile wiki nyingine, na hakumruhusu mtu yeyote nyumbani kutamka neno "umepona."

Siku ya majibu, daktari alimgeuzia skrini asome mwenyewe. Virusi havikuonekana, na muda wa kungoja ulikuwa umekwisha.

"Hongera sana, mama."

"Nichapie karatasi," Gramu alisema. "Na tarehe ya kupima makovu ya ini iandike humo, maana hayo hayajaondoka."

Alichapiwa. Aliisoma yote amesimama, akaikunja.

Kwenye ukumbi, karibu na dirisha la dawa, palikuwa na tangazo jipya limebandikwa ukutani kwa herufi kubwa: MGONJWA, USIFICHE DAWA UNAZOTUMIA.

Gramu alilisoma mara mbili. Damu iliyokuwa imetulia ikachemka upya.

"Nani ameandika hili?" alimwuliza muuguzi aliyekuwa akipita.

"Ofisi, mama. Kwa sababu ya yale mambo yako."

"Mimi nilificha?"

Muuguzi alitabasamu kwa aibu. Gramu akatoa penseli yake ya kazini mkobani, ile nene ya kuandikia kwenye bati, akalikata neno USIFICHE, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa vilevile: TUTAKUULIZA.

"Mama, hilo ni tangazo la hospitali!"

"Ndiyo maana nimelirekebisha. Wakibandika lingine, niite."

Benchi la chini ya tangazo lilikuwa na mwanamume mmoja mnene, boksi jipya la vidonge mapajani, akisubiri kuelekezwa. Alikuwa ameyafuatilia yote hayo kwa macho ya wasiwasi.

"Dada, samahani," alisema. "Dawa hizi ni kali? Wameniambia wiki kumi na mbili."

Gramu alitazama saa. Sokoni kulikuwa na mizani mbili zikimngoja. Akaketi.

"Una mfuko gani huo pembeni?" aliuliza. "Hebu nionyeshe unachomeza kingine."